Daktari wa masikio yuko wapi? Njia ndefu ya wagonjwa wetu wa mashariki

Mama mmoja wa kutaniko letu alizunguka karibu mwaka mzima akimtafutia mtoto wake daktari wa ORL, yaani daktari wa masikio, pua na koo. Mtoto ana miaka 8. Alipokuwa na miaka 3 alishikwa na surua, na tangu hapo sikio lake la kushoto likawa linatoa usaha. Unakauka majuma mawili, kisha unarudi. Shuleni mwalimu alimkalisha nyuma kwa sababu ya harufu, na huko nyuma mtoto hakusikia kitu. Mwisho wa mwaka akarudishwa darasa lile lile. Watu wakasema ni mtoto mzito wa akili.

Kwenye kituo cha afya mama aliambiwa, "Hii ni ya ORL, mama. Sisi hapa hatuna." Akaenda hospitali kuu. Huko wakamwambia daktari wa ORL huja siku ya ine. Akafika siku ya ine, akakuta daktari amesafiri. Mara ya pili alifika na pesa kidogo, kwa sababu bei ya kumwona daktari bingwa si ile ya daktari wa kawaida, na hakuna aliyemjulisha mbele. Kisha vita vikafika, familia ikakimbia, karatasi zote zikapotea njiani. Waliporudi, mama alianza upya.

Siku aliyompata daktari, alimkuta mtu mpole. Alimsafisha mtoto sikio, akaangalia ndani kwa taa yake, akasema ngoma ya sikio imetoboka na mifupa midogo ya ndani imeanza kuliwa. Kusikia kwa sikio hilo hakutarudi kote. Kisha akauliza: "Mama, huko kituoni kwenu walimkausha sikio? Walimpa dawa ya matone?" Mama akajibu hapana. Walimtuma tu.

Tulipoanza kuandika habari hii, tulitaka kusema jambo moja: mashariki ya Kongo haina madaktari wa kutosha wa masikio, pua na koo. Ni kweli, na tutaeleza kwa nini. Lakini swali la daktari yule lilitugeuza mawazo. Mtoto huyu hakupotewa na sikio kwa sababu tu daktari bingwa alikuwa mbali. Alikaa miaka mitano kwenye mlango wa kwanza, mahali ambapo muuguzi angeweza kumsaidia kwa kitambaa safi na chupa moja ndogo ya dawa. Tukiendelea kutazama mlango wa mwisho peke yake, tutaendelea kupoteza masikio ya watoto wetu kwenye ule wa kwanza.

Madaktari wachache, nchi kubwa

Shida hii si ya Kongo peke yake. Katika ripoti yake ya mwaka 2021 juu ya kusikia, Shirika la Afya Duniani (OMS) lilieleza kwamba karibu asilimia 78 ya nchi zenye kipato cha chini hazifikii hata daktari mmoja wa ORL kwa kila watu milioni moja. Ripoti hiyo hiyo ilisema kwamba watu zaidi ya milioni 430 duniani wana upungufu wa kusikia unaohitaji msaada, na wengi wao sana wanaishi katika nchi kama zetu. Tena ilisema kwamba kwa watoto, karibu asilimia 60 ya upungufu huo unatokana na mambo yanayoweza kuzuiwa.

Sasa tuangalie nchi yetu. Kongo ina watu zaidi ya milioni 100, mikoa 26 na zoni za afya 519. Kivu ya Kaskazini ina zoni 34, Kivu ya Kusini 34, Ituri 36. Hakuna anayetarajia daktari wa ORL katika kila zoni. Kijana aliyemaliza masomo ya udaktari lazima arudi shuleni miaka mingine kadhaa ili awe daktari wa ORL, na masomo hayo hupatikana hasa Kinshasa na Lubumbashi, au nje ya nchi. Ni nani atamlipia nyumba, chakula na masomo wakati huo wote, na familia yake inabaki Butembo au Uvira ikimngoja?

Na akimaliza, kurudi si rahisi. Daktari wa ORL hafanyi kazi kwa mikono mitupu. Anahitaji darubini ya kupasulia sikio, vyombo vidogo sana, mashine ya kunyonya usaha, chumba kisicho na kelele cha kupimia kusikia, mtaalamu wa kulaza wagonjwa usingizi, na umeme usiokatika katikati ya kazi. Ukimpeleka kwenye hospitali ya tarafa isiyo na vitu hivi, baada ya miezi michache atakuwa anatibu malaria na kupasua henia kama daktari mwingine yeyote. Kwa hiyo hubaki mjini, na mjini penyewe hugawa siku zake kati ya hospitali mbili au tatu. Ndiyo sababu wagonjwa wetu huambiwa kila mara, "Huja siku ya ine."

Kuna sababu nyingine inayosemwa kidogo. Sikio halina mradi. Malaria ina miradi yake, kifua kikuu kina yake, ukimwi una yake, chanjo zina zake. Wafadhili hutoa vipimo, dawa na mafunzo kwa magonjwa hayo, na tunawashukuru, kwa maana yanaua watu wengi. Sikio linalotoa usaha haliui upesi. Linamtoa mtoto shuleni polepole, linamtenga na wenzake, na siku moja moja tu ndipo linaua kweli, wakati usaha unapofika kwenye ubongo. Ugonjwa wa namna hiyo hauonekani kwenye hesabu za mwisho wa mwezi.

Vita vimebadili njia

Zamani mgonjwa wa Goma mwenye uwezo alipanda ndege akafika Kinshasa siku ile ile. Vita vilipoingia mjini mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Mwezi wa pili vita vikafika Bukavu, na uwanja wa Kavumu nao ukawa vivyo hivyo. Benki zilifunga milango, hata mtu aliyekuwa ameweka akiba ya matibabu hakuweza kuichukua. Barabara kubwa ya kutoka Butembo kupitia Lubero na Rutshuru hadi Goma ilikatwa na mstari wa mapigano.

Matokeo yake ni kwamba kila mji umeanza kutazama upande wake. Watu wa Goma huvuka kwenda Gisenyi na Kigali. Wa Beni na Butembo hupitia Kasindi kwenda Uganda. Wa Bunia nao hutazama Uganda. Wa Uvira, Bujumbura iko karibu nao kuliko mji mwingine wowote mkubwa. Lakini mpaka hufungwa na kufunguliwa bila taarifa, karatasi za kusafiria zina bei yake, na ukifika ng'ambo unalipa kama mgeni. Mama mwenye watoto watano anayeuza sombe sokoni hawezi kuhesabu njia hiyo kuwa njia.

Tena vita hivyo hivyo vimeongeza wagonjwa. Bomu linapolipuka karibu, upepo wake unaweza kupasua ngoma ya sikio hata kama mtu hakuguswa na chuma. Hospitali zetu, kama ile ya CBCA Ndosho huko Goma, zilipokea majeruhi wengi mno mwaka 2025. Wapasuaji walikuwa wakipigania miguu, matumbo na vifua. Ni haki yao kuanza na vile. Lakini tunawajua watu katika makutaniko yetu ambao hawakuhesabiwa kati ya majeruhi, na tangu siku zile wanasikia mlio usiokoma masikioni, au wanamwomba mtu arudie neno mara tatu. Kwao tunasema: tundu dogo la ngoma ya sikio mara nyingi hujifunga lenyewe kwa majuma au miezi, mradi lisiingie maji wala dawa za kubuni. Lakini nendeni mkaangaliwe. Msinyamaze kwa sababu hamkutoka damu.

Kinachowezekana kwenye mlango wa kwanza

Wauguzi wa vituo vyetu vya afya wanaijua PCIME, mwongozo wa kutunza magonjwa ya watoto. Tuliusoma tena sehemu ya sikio. Maneno yake ni machache na hayahitaji daktari bingwa.

Kama sikio la mtoto limetoa usaha kwa siku zisizofika 14, mwongozo unasema apewe antibiotiki ya kumeza na sikio likaushwe. Kama usaha umetoka siku 14 au zaidi, likaushwe na litiwe dawa ya matone ya kundi la quinolone, kama vile ciprofloxacine ya sikio, kwa majuma mawili. Kama kuna uvimbe unaouma nyuma ya sikio, mtoto apewe dawa ya kwanza na atumwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa maana ugonjwa umeingia kwenye mfupa.

Kukausha sikio mama anaweza kufundishwa kwa dakika tano. Chukua kitambaa safi cha pamba kinachonyonya maji. Kisokote kiwe kama utambi wa taa. Kitie sikioni polepole, kiache kinyonye usaha, kitoe, tia kingine kikavu. Rudia mpaka kitoke kikavu. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, na dawa ya matone iingie baada ya kukausha, kwa maana dawa ikitiwa juu ya usaha haifiki mahali pake. Usitumie kijiti wala pamba ya kubaki ndani. Mtoto asiogelee ziwani wala mtoni mpaka apone.

Kwa nini basi yule mtoto wetu hakufanyiwa hivyo? Tuliongea na wauguzi wa vituo vyetu, na hatukuwakuta kuwa wavivu. Mmoja alituambia kituo chake hakina kifaa cha kuangalia ndani ya sikio. Mwingine alisema dawa ya matone ya sikio haiko kwenye oda anazoletewa, na ile ya soko hana uhakika nayo. Wa tatu alisema jambo lililotugusa zaidi: kwamba mwongozo ule unasemwa kuwa ni wa watoto wasiofika miaka 5, basi mtoto wa miaka 6 akija na sikio, muuguzi huona amekwisha kutoka mkononi mwake. Hivyo huandika karatasi ya kumtuma mbele, na dhamiri yake hutulia. Mgonjwa ndiye anayebaki barabarani.

Mgonjwa asiyestahili kungoja

Hatusemi kila mtu akae kwenye kituo. Kuna dalili ambazo zinahitaji hospitali upesi, na wachungaji, mashemasi na mama wa makutaniko wanapaswa kuzijua.

Mtoto aliyemeza au kujitia puani betri ndogo ya duara, ile ya saa au ya mchezo wa kuwaka, apelekwe saa hiyo hiyo, hata usiku. Betri hiyo huchoma nyama kwa muda wa saa chache. Harage au punje ya mahindi sikioni haina haraka ya namna hiyo, lakini msiichokoe kwa sindano ya nywele, na msimwagie maji, kwa maana hufura na kubana zaidi. Mtu anayeshindwa kumeza mate, au anayepumua kwa sauti ya kukwaruza, asingoje asubuhi. Mtu aliyeamka sikio moja limeziba ghafla bila usaha wala maumivu aende ndani ya siku chache, kwa maana dawa ya shida hiyo husaidia mapema tu.

Kisha kuna dalili za polepole ambazo watu wazima wetu huzizoea. Sauti iliyokauka zaidi ya majuma matatu. Uvimbe shingoni usiopungua. Pua inayotoa damu au kuziba upande mmoja kwa miezi. Hizi zinaweza kuwa jambo dogo, na zinaweza kuwa kansa. Wahubiri na waimbaji wengi husema, "Ni sauti ya kazi." Labda. Lakini ni daktari wa ORL mwenye kifaa cha kuangalia koo anayeweza kusema hivyo kwa uhakika, na hapa safari ya mbali inastahili gharama yake.

Madhara tunayojitia wenyewe

Tukilaumu serikali na vita, tujiangalie pia. Katika vijiji vingi vya Kivu, mtoto akikohoa sana au akikataa kunyonya, wazee husema kilimi chake ni kirefu, na huitwa mtu wa kukikata. Tumeona watoto waliotoka damu usiku kucha baada ya kukatwa kwa wembe ambao haujulikani umemkata nani mwingine. Kilimi si chanzo cha kikohozi wala cha kukonda. Mtoto huyo mara nyingi ana nimonia au ugonjwa mwingine, na siku zilizopotea kwa wembe ndizo zinazomuua. Wako wakristo wanaokataa uganga wa kila namna, lakini huu wanauruhusu kwa kuwa nyanya amesema.

Vivyo hivyo mafuta ya moto sikioni, maji ya majani, mkojo, petroli. Vivyo hivyo vidonge vinavyouzwa ndani ya basi na mtu anayejiita dokta. Na kuna dawa za sindano, kama gentamicine na streptomycine, ambazo zikitolewa vibaya au kwa muda mrefu bila uangalizi zinaweza kuua mishipa ya kusikia pasipo kurudi. Zinaokoa maisha mikononi mwa anayezijua. Kwenye duka la dawa la kando ya barabara si mahali pake.

Mwisho tuseme juu ya bafle zetu. OMS inasema sikio linaweza kustahimili sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma. Ikifika 90, muda salama hushuka hadi saa 4 tu kwa juma zima. Ibada zetu za siku ya Mungu, na mikesha, na mazoezi ya kwaya ndani ya jengo dogo lenye mabati, huweza kupita hapo bila mtu kufikiri. Watoto wa shule ya Mungu huketishwa mbele, karibu kabisa na bafle. Kama lazima upige kelele ili jirani yako wa benchi akusikie, sauti imezidi. Kuishusha hakuhitaji mfadhili wala daktari. Kunahitaji mzee mmoja wa kanisa mwenye ujasiri wa kumwendea kijana wa mashine.

Jinsi ya kumtafuta daktari bila kuzunguka bure

Hatutaji majina ya madaktari hapa, kwa sababu wanahama, na mgonjwa anayefuata jina la zamani hupoteza nauli. Tunapendekeza kila kutaniko liwe na mtu mmoja mwenye simu, ambaye kazi yake ni kuuliza kabla mgonjwa hajaondoka nyumbani. Maswali ni haya.

Daktari wa ORL yuko juma hili, siku gani, tangu saa ngapi? Je, ni bingwa wa ORL, au ni daktari wa kawaida anayesaidia upande huo? Yote mawili yanaweza kufaa, lakini mgonjwa ajue. Kumwona ni bei gani, na vipimo bei gani, kwa franka au kwa dola? Je, kipimo cha kusikia kinafanyika hapo, au atatumwa pengine? Je, wanataka karatasi ya kituo cha afya? Karatasi hiyo iandikwe vizuri: ugonjwa ulianza lini, dawa gani zimetumika, kwa siku ngapi. Ipigwe picha kwa simu na kutumwa kwa ndugu wawili, kwa maana tumeona jinsi karatasi zinavyopotea siku ya kukimbia.

Kama mtu hajulikani, ni haki ya mgonjwa kuuliza namba yake ya Baraza la Madaktari la nchi, ile ya CNOM. Daktari wa kweli hakasiriki kwa swali hilo.

Kuvuka mpaka kuwe hatua ya mwisho, na kwa swali moja lililo wazi: tunakwenda kufanya nini ambacho hapa hakifanyiki? Tunajua familia zilizouza shamba kwenda kufanyiwa ng'ambo kipimo ambacho kingefanyika mjini mwao.

Kanisa linaweza kufanya nini

Hatuandiki hivi kama watu wanaotazama kutoka nje. Hospitali na vituo vingi vya mashariki viko mikononi mwa jumuiya za ECC. Nyankunde, Oicha, Ndosho, Panzi, Lemera: majina haya ni sehemu ya historia yetu, pamoja na damu iliyomwagika Lemera mwaka 1996 na Nyankunde mwaka 2002. Kwa hiyo sehemu ya jibu iko mezani petu.

La kwanza ni dogo. Kila kituo cha jumuiya zetu kipate kifaa cha kuangalia sikio, dawa ya matone ya kuaminika, na siku mbili za mafunzo kwa wauguzi wake. OMS ilitoa mwaka 2023 kitabu cha kufundisha wahudumu wa ngazi ya kwanza juu ya sikio na kusikia. Hatuhitaji kubuni kitu kipya. Na muuguzi aambiwe wazi kwamba mtoto wa miaka 6, na hata mtu mzima, anaweza kuanza kusaidiwa pale pale.

La pili, hospitali zetu zipashane habari. Daktari wa ORL akipangwa kuwa mahali fulani, au timu ya wageni ikija kwa majuma mawili, tangazo lisomwe katika makutaniko yote ya eneo, siku ya Mungu, kabla ya wakati. Tunatangaza arusi na semina kwa majuma matatu. Tunaweza kutangaza na hili.

La tatu ni la miaka mingi. Tuchague vijana wetu, tuwalipie, na tufunge nao agano la kurudi, na sisi tuwe tayari na vyombo siku watakaporudi. Hilo si ndoto. Daktari Denis Mukwege alikuwa daktari kijana huko Lemera alipoona akina mama wanavyokufa kwa uzazi. Alikwenda Ufaransa kusomea magonjwa ya wanawake, akarudi Lemera mwaka 1989, na miaka kumi baadaye hospitali ya Panzi ikaanza. Mtu mmoja aliyerudi alibadili maisha ya maelfu. Chuo Kikuu cha Kiinjili katika Afrika, UEA, kinafundisha madaktari hapo hapo Bukavu. Kati yao, ni nani tumemwambia kwamba tunahitaji daktari wa masikio, na kwamba tutasimama naye?

Tena kuna wale ambao hakuna daktari atakayewarudishia kusikia. Homa ya uti wa mgongo humaliza masikio ya mtoto kwa siku chache. Ndivyo ilivyompata Andrew Foster, Mmarekani mweusi, alipokuwa na miaka 11. Akawa mmisionari, akaanza shule za viziwi katika nchi nyingi za Afrika kuanzia Ghana mwaka 1957, na akafa katika ajali ya ndege Rwanda mwezi wa kumi na mbili 1987, karibu na kwetu. Kazi yake inatukumbusha kwamba kiziwi anahitaji lugha ya ishara, shule, na nafasi ya kushika kazi kanisani. Kumwombea tu na kumketisha kando hakutoshi. Injili ya Marko inasimulia kwamba Yesu alimtenga yule kiziwi na umati kabla ya kumponya. Alimpa wakati wake peke yake. Wengi wa viziwi wetu hawajawahi kupewa hata hilo.

Yule mtoto tuliyeanza naye sasa anatibiwa. Sikio limekauka, na daktari anangoja kuona kama atapasuliwa kufunga ile ngoma. Mama alikwenda shuleni na karatasi ya daktari, akaomba mtoto aketi benchi la mbele, upande ambao sikio lake la kulia linamwelekea mwalimu. Mwalimu akakubali, tena akaomba radhi. Ilimchukua dakika kumi.

Juma hili, kila mchungaji anayesoma habari hii aulize katika kutaniko lake: ni mtoto gani hapa ana sikio linalotoa usaha? Asishangae mikono ikiwa mingi. Kisha asiseme kwanza, "Tumtafutie ORL." Aulize kama mtu amelikausha.